Kompyuta moja, watu watano: nifunge nini, nimfungie nani?

*"Hujambo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Migosi, Kisumu. Kijana ana miaka 15, msichana 11, na kitinda mimba 7. Tuna laptopu moja tu, HP EliteBook 840 G3 ya mtumba yenye Windows 10. Aliyeitengeneza ni mpwa wangu anayesoma chuo kikuu Maseno, naye hulala kwetu wikendi. Intaneti ni hotspoti ya simu yangu. Mimi huitumia laptopu kwa hesabu za duka na iTax, ule mfumo wa kodi wa KRA. Wiki iliyopita msichana alikuwa anatafuta picha za mradi wa shule. Aliandika herufi mbili tu, kivinjari kikamletea orodha ya tovuti za uchi. Nilimkaripia kijana, akakana kabisa, na hadi leo haongei nami vizuri. Fundi mmoja mjini anasema ataniwekea programu ya siri ya kunionyesha kila wanachoandika, shilingi elfu tatu na mia tano. Baba yao anafanya kazi Mombasa, yeye anasema niweke nenosiri nilijue peke yangu. Nifanye lipi?"*

Mama, nianze na kijana wako, maana hilo ndilo la haraka. Kwa hayo uliyoyaeleza, hakuna ushahidi kwamba ni yeye. Sisemi hakufanya. Nasema kompyuta yako, jinsi ilivyo sasa, haina uwezo wa kukuambia ni nani. Orodha inayojitokeza mtu anapoanza kuandika huundwa na kivinjari kutokana na anwani zilizowahi kufunguliwa humo, na haitunzi jina la aliyefungua. Kama nyote watano mnaingilia akaunti moja, historia yenu ni moja: yako, ya watoto, ya mpwa wako, hata ya jirani aliyeomba kuchapisha barua.

Kuna na hili ambalo wazazi wengi hawalijui. Ikiwa Chrome ya laptopu imeunganishwa na barua pepe ile ile iliyo kwenye simu yako, na usawazishaji (sync) umewashwa, basi kilichofunguliwa kwenye simu kinaweza kujitokeza kwenye laptopu. Aliyefungua huenda hakuigusa laptopu kabisa. Isitoshe, tovuti za kupakua filamu za bure hufungua kurasa za uchi zenyewe ukibofya popote, na anwani zake hubaki kwenye historia kana kwamba mtu alizitafuta.

Ningekuwa wewe, ningemwita kijana leo jioni nimwambie kwamba sikuwa na njia ya kujua, na kwamba kuanzia Jumamosi kila mtu atakuwa na mahali pake kwenye kompyuta. Mtoto wa miaka 15 aliyelaumiwa bila ushahidi atasita kukuletea habari siku atakapokutana na jambo la hatari kweli mtandaoni. Sisi tunataka siku hiyo aje kwako mbio.

Sasa kompyuta yenyewe. Umeniandikia kama mtu mwenye swali moja, lakini naona mambo matatu yamefungwa pamoja: unataka wadogo wasione mambo ya uchi, unataka kujua nani anafanya nini, na ingawa hukulisema wazi, hesabu za duka na iTax yako ziko mahali ambapo mtoto wa miaka 7 anacheza. Umeletewa dawa mbili, programu ya siri na nenosiri moja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibu yote matatu, na ya kwanza inaweza kukuongezea ugonjwa.

Tuanze na ushauri wa Baba watoto, ambao una nia njema. Nenosiri moja linazuia kompyuta isiwashwe usipokuwepo. Lakini mradi wa shule unahitaji kompyuta, kwa hiyo utaifungua. Ukishaifungua, kila anayeketi pale anaitumia kama wewe. Ikiwa kivinjari kimekumbuka nenosiri la iTax, linajijaza lenyewe. Ikiwa daftari la duka limeachwa kwenye skrini, mtoto anaweza kulifuta akidhani ni la zamani. Historia nayo inabaki ya wote. Na baada ya juma moja watakuwa wameshakuona vidole ukiliandika.

Kinachokosekana ni akaunti tofauti. Wengi hudhani akaunti ni picha na jina tu kwenye skrini ya kuingilia. Sivyo. Windows humpa kila mtumiaji namba yake ya ndani na folda yake chini ya C:\Users. Ndani ya folda hiyo hukaa nyaraka zake, historia ya kivinjari chake, manenosiri aliyoyahifadhi na mipangilio yake yote. Kila programu anayoiwasha hufanya kazi kwa mamlaka ya namba hiyo. Programu ikitaka kufungua faili, Windows huangalia kwanza namba hii inaruhusiwa au la. Ndiyo maana msichana akiwa na akaunti yake, herufi mbili atakazoandika zitaleta mambo yake yeye tu.

Akaunti ni za aina mbili. Kuna msimamizi, na kuna mtumiaji wa kawaida. Msimamizi anaweza kuweka na kuondoa programu, kuzima kinga ya virusi, kubadilisha saa, kuunda akaunti nyingine na kuingia kwenye folda za wengine: Windows humwambia tu kwamba hana ruhusa, kisha humpa kitufe cha kuendelea, akibonyeza anaingia. Mtumiaji wa kawaida akijaribu jambo la namna hiyo, skrini hufifia na kidirisha hujitokeza kikidai nenosiri la msimamizi. Utaratibu huo umekuwemo tangu Windows Vista ya mwaka 2007. Kwenye akaunti ya msimamizi kidirisha hicho hicho huuliza ndiyo au hapana tu, na mtoto wa miaka 7 anajua kubonyeza ndiyo.

Sasa sikia: akaunti ya kwanza kuundwa kwenye Windows yoyote huwa ya msimamizi. Laptopu nyingi za mtumba huja na akaunti hiyo moja, mara nyingi bila nenosiri, na nyumba nzima inaitumia miaka nenda miaka rudi. Nina hakika karibu kamili kwamba yako iko hivyo. Kitinda mimba wako ni msimamizi wa kompyuta yenye hesabu za duka lako. Kichujio chochote utakachoweka juu ya hali hiyo, aliye kwenye kiti anaweza kukiondoa.

Kuhusu programu ya siri, sikushauri hata kidogo. Programu inayoandika kila kitufe haichagui kitufe cha nani. Itaandika pia nenosiri lako la iTax na la barua pepe, na kuyapeleka kwenye seva ya kampuni usiyoijua. Si hofu ya kubuni: mSpy, moja ya programu hizi zinazojulikana zaidi duniani, ilivuja data za wateja wake mwaka 2015, kisha tena mwaka 2018. Mara nyingi fundi hulazimika kuzima kinga ya virusi ili ikubali kukaa, na fundi huyo huyo anaweza kubaki na nenosiri la ukurasa wa kuzitazama taarifa zenu. Halafu mpwa wako ni mtu mzima. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlindia faragha yake kama kinavyokulindia yako, na hutaki kuwa mtu aliyemrekodi kisirisiri mpwa wake. Ulinzi wa wazi, ambao kila mtu nyumbani anajua upo na kwa nini upo, unafanya kazi vizuri zaidi na hauna kulipia elfu tatu na mia tano.

Basi tufanye hivi. Chukua saa moja Jumamosi asubuhi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, mipangilio ifunguke, uingie sehemu ya akaunti, kisha ya familia na watumiaji wengine. Laptopu nyingi za huku zimewekwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huo huo. Chini kabisa kuna alama ya kuongeza mtu mwingine. Windows itadai barua pepe ya mtu huyo, usiandike. Chini yake pana mstari mdogo wa kusema huna taarifa zake. Bofya hapo, na ukurasa unaofuata uchague kuongeza mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft.

Akaunti ya kwanza uiite Usimamizi. Ipe nenosiri refu, maneno manne yasiyohusiana yatakutosha. Windows itakuuliza maswali matatu ya kukusaidia ukisahau, kama vile jina la shule yako ya kwanza au la binamu yako mkubwa. Watoto wako wanayajua majibu hayo yote! Andika majibu ya uongo, uyaweke pamoja na nenosiri kwenye daftari, na daftari ulifungie unapoweka vyeti na hati ya shamba. Nakazia hilo kwa sababu ukilisahau nenosiri la msimamizi na majibu yake, fundi anaweza kulazimika kuifuta kompyuta na kuanza upya.

Bofya jina la akaunti hiyo mpya, chagua kubadilisha aina yake, uifanye ya msimamizi. Sasa toka, uingie kwenye Usimamizi uone kwamba nenosiri linakubali. Usiruke hatua hii. Ukishaingia, unda akaunti za watoto watatu na ya mpwa wako, zote za kawaida, na Windows yenyewe huziunda hivyo usipobadilisha. Mwisho, ile akaunti ya zamani ishushe iwe ya kawaida, iwe yako wewe, na uipe nenosiri. Hesabu za duka zitabaki zilipo na programu zote zitafanya kazi kama jana. Ingia humo, fungua Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, ufute historia ya muda wote. Ile akaunti ya Usimamizi usiitumie kwa kazi za kila siku, hata wewe. Utaandika nenosiri lake kidirisha kikidai, basi.

Picha na kazi za shule ambazo wote wanazihitaji ziwekwe kwenye folda ya C:\Users\Public, ambayo kila akaunti huiona.

Tuje kwa mpwa wako, kwa sababu kwenye nyumba nyingi za kwetu hapa ndipo mpango wote huharibika. Yule anayejua kompyuta ndiye aliyeitengeneza, ndiye mwenye nenosiri, na mara nyingi ana umri unaomfanya kaka mkubwa kwa watoto. Kijana wa 15 akitaka mchezo, hamwombi mama, anamwomba yeye. Sijui kama ana ubaya wowote, na wala si suala la ubaya. Mwite kabla ya Jumamosi, mwambie wazi kwamba unagawa akaunti, kwamba yake itakuwa ya kawaida kama yako, na kwamba ukihitaji kuweka programu utamwita mkae pamoja wewe ukiandika nenosiri. Mwombe akusaidie kazi yenyewe. Atakubali kwa heshima akishirikishwa, na atakwazika akikuta amefungiwa nje bila kuambiwa. Baadaye, ukiwa kwenye Usimamizi, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike:

net localgroup Administrators

Itakuorodheshea wasimamizi wote. Unatakiwa kuona Usimamizi, na jina Administrator ambalo huja na Windows na kwa kawaida limezimwa. Jina jingine lolote, uliza ni la nani.

Sitaki udhani akaunti ya kawaida inazuia kila kitu. Kuna programu zinazojiweka ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe bila kuomba ruhusa ya msimamizi. Chrome inaweza, Roblox hujiweka hivyo hivyo, na kuna vivinjari vinavyowashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Tofauti ni kwamba sasa kinachowekwa kinabaki kwenye akaunti ya aliyekiweka. Hakifiki kwa mdogo wake, hakigusi faili za duka, na hakiwezi kuzima ulinzi uliouweka wewe.

Ulinzi wa tovuti za uchi ndio huu sasa. Kila tovuti ina jina na ina namba, na kompyuta husafiri kwa namba. Kila ukiandika jina, kwanza inauliza seva maalum: hii namba yake ni ipi? Ni kama kufika steji ya boda Kondele ukataja unakokwenda: usipojua njia, unamtegemea mwendeshaji aijue. Kampuni ya mtandao iitwayo Cloudflare ina seva za bure, zilizoanza Aprili 2020, ambazo zikitajiwa jina la tovuti ya uchi au ya virusi hujibu kwamba mahali hapo hapapo. Namba zake ni 1.1.1.3 na 1.0.0.3.

Watu wengi hushauriwa kuziweka kwenye ruta ya faiba. Kwako haitasaidia, maana mnatumia hotspoti. Ziweke kwenye laptopu yenyewe, zitaifuata popote itakapounganishwa, iwe simu yako, simu ya mpwa au faiba ya jirani. Ukiwa kwenye Usimamizi, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa zake, chagua mstari wa IPv4, na uandike namba hizo mbili kwenye nafasi za DNS, yaani za ile seva inayoulizwa majina. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuzibadilisha.

Halafu kuna mstari wa pili ambao karibu kila mtu huusahau: IPv6, mfumo mpya zaidi wa namba za mtandao. Ikiwa mtandao wa simu unaitoa, kompyuta inaweza kuuliza kupitia huko, na kichujio chako kikawa mapambo. Weka humo 2606:4700:4700::1113 na 2606:4700:4700::1003, au ondoa alama ya vema kwenye mstari huo wa IPv6. Kisha jaribu kufungua nudity.testcategory.com, anwani iliyowekwa kwa ajili ya majaribio tu. Ikikataa kufunguka, umefaulu. Ikifunguka, rudi kwenye IPv6.

Udhaifu wa njia hii ni lazima uujue. Seva inasikia jina la tovuti tu, haioni ukurasa ndani yake. Ikiruhusu YouTube, imeruhusu YouTube yote. Ikiruhusu WhatsApp, haijui nani anaandikiana na mtoto wako humo. Na kijana wa miaka 15 anaweza kuiambia Chrome iulize seva nyingine kimyakimya, au kuongeza kiendelezi cha VPN, yaani programu ndogo ya ndani ya kivinjari inayopitisha mawasiliano kwenye seva nyingine na kukikwepa kichujio. Mpwa wako akiwa tayari kusaidia, hapa ndipo pa kumtumia: mwombe aweke kanuni za Chrome za kompyuta nzima, yaani DnsOverHttpsMode izimwe, IncognitoModeAvailability iwe 1 ili dirisha la siri lisifunguke, ForceGoogleSafeSearch iwashwe, ForceYouTubeRestrict iwe 2, na ExtensionInstallBlocklist iwe na alama ya nyota ili viendelezi visiongezwe. Ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua sajili ya Windows (registry), na kwa asiyeijua ni afadhali asiiguse. Kumbuka zitakubana na wewe pia, kwa sababu ni za kila akaunti.

Microsoft nao wana huduma ya bure ya familia, Family Safety. Inaweka saa za kutumia kompyuta, inachuja tovuti, na hukutumia muhtasari wa wiki kwa barua pepe. Kwa msichana na kitinda mimba ni nzuri ukiwa na subira ya kuwafungulia barua pepe za Microsoft, maana haifanyi kazi kwa akaunti za ndani tulizounda hapo juu. Kichujio chake hufanya kazi ndani ya kivinjari cha Edge, na kikiwashwa huzuia vivinjari vingine vinavyojulikana. Binafsi, kwa nyumba inayotegemea bando na kompyuta moja, ningeanza na akaunti za ndani na kichujio cha Cloudflare, nikaona mambo yanavyokwenda kwa mwezi, kabla ya kuongeza hii. Mzazi anayesimamia mifumo mitatu kwa pamoja huishia kuizima yote mtoto akilia kwamba kazi ya shule haifunguki.

Kwa kijana wa 15 nisingeiweka Family Safety. Umri huo anahitaji kujua mipaka na sababu zake zaidi ya kuhesabiwa kila tovuti. Mpe akaunti yenye nenosiri lake mwenyewe, mwambie kichujio kipo, mwambie unaweza kuingia kwenye folda yake kupitia Usimamizi lakini hutafanya hivyo bila kumwambia, na ulitimize. Kwa wa miaka 7 hakuna programu inayoshinda kompyuta kuwekwa sebuleni, skrini ikielekea mahali unapokaa.

Saa za matumizi unaweza kuziwekea mpaka bila programu yoyote. Kwenye dirisha la amri la msimamizi, kwa akaunti iitwayo Kijana, kwa mfano:

net user Kijana /times:M-F,5pm-8pm;Sa-Su,10am-6pm

Nje ya saa hizo hataweza kuingia. Lakini aliyeingia saa mbili kasoro dakika tano hatatolewa saa mbili ikifika. Amri hii inazuia kuingia tu, kumtoa ni kazi yako. Likizo ikifika, andika tena ukimalizia na /times:all.

Kuhusu laptopu yenyewe, neno fupi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza wa Microsoft kwa watumiaji wa nyumbani unaishia 13 Oktoba 2026. EliteBook 840 G3 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, na Windows 11 inadai cha nane kwenda juu. Haitazimika, lakini ukianza kuweka akiba ya kompyuta nyingine, usinunue chini ya kizazi hicho hata muuzaji akikupunguzia bei.

Nina wasiwasi zaidi na simu yako kuliko laptopu. Umesema ndiyo hotspoti, kwa hiyo inakaa mezani watoto wakisoma, na wadogo lazima huomba kuicheza. Yote tuliyoyafanya hayapo humo. Kama ni Android 9 au mpya zaidi, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha (Private DNS), chagua kuandika jina la mtoa huduma, na uandike family.cloudflare-dns.com. Kisha utenganishe Chrome ya laptopu na barua pepe ya simu, yasije yakachanganyika tena.

Kuna hali ambazo hupaswi kuhangaika peke yako na maandishi yangu. Ikiwa kinga ya virusi inakataa kuwashwa, au kompyuta ilipewa Windows iliyofunguliwa kwa programu za wizi, mpelekee fundi unayemwamini aiweke upya kabisa. Kaa naye hadi amalize, usiiache kwake usiku kucha barua pepe yako ikiwa wazi, na nenosiri la Usimamizi uliandike wewe mwenyewe.

Na ikiwa, ukizungumza na kijana au msichana, utasikia kwamba kuna mtu mtandaoni anayewaomba picha, anayewatumia za uchi, au anayewatishia kuzisambaza, hilo si la fundi. Usimkaripie mtoto, usimjibu mtu huyo, na usifute chochote hata kama kinakuchukiza, maana ndicho kitakachomfikisha mtu huyo mahakamani. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu picha za uchi za watoto kuwa kosa la jinai. Andika jina la akaunti ya mtu huyo, tarehe na saa za jumbe zake, piga simu ya watoto 116, ambayo ni ya bure, kisha uripoti kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kwenye kituo cha polisi kilicho karibu nawe ukiwa na kifaa chenyewe mkononi.